Orosia Buil na Mahindi Meupe ya Mama

Padri Anselmo, watoto wa marehemu, ndugu, jamaa na majirani wa Valserena mliojaa humu hadi wengine mmesimama barazani, familia imenipa mimi, Urbano Buil, mdogo wake marehemu, jukumu la kuwasomea maisha ya dada yetu, na najua wapo wanaojiuliza kwa nini kazi hii apewe mtu aliyewahi kukaa naye miezi kumi na tisa bila hata salamu, jibu ni kwamba alinichagua mwenyewe, akasema mwanawe Lorién atalia, bintiye Ester atafupisha, na mimi, kwa ubishi wangu, nitasoma mpaka mwisho. Basi naomba mnivumilie.

Marehemu Orosia Buil Lascorz alizaliwa Jumatatu tarehe 25 Juni 1951, hapa hapa Valserena, mkoa wa Huesca, katika nyumba iliyo nyuma ya kinu cha zamani, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Bienvenido Buil na marehemu Presentación Lascorz, na kwa kuwa siku hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Orosia, jina halikujadiliwa. Mimi nilifuata tarehe 8 Septemba 1954, na mama alikuwa akisimulia kwamba nilipowekwa mapajani mwa dada yangu, swali lake la kwanza lilikuwa nitaondoka lini.

Alianza masomo Septemba 1957 katika shule ya wasichana ya hapa kijijini, akamaliza mwaka 1963, kisha akapelekwa kwa masista wa Barbastro, alikolala bweni hadi Juni 1967, akafaulu hesabu, akafaulu kushona, akashindwa somo la kunyamaza, ambalo masista walilitilia alama na kulituma nyumbani kwa barua. Baba aliisoma barua ile, akaikunja, akasema shamba halihitaji mtu bubu.

Januari 1968 aliajiriwa na ushirika wetu wa wakulima kwenye mizani ya kupimia nafaka, akakaa pale miaka ishirini na moja, na hakuna mtu humu ndani aliyewahi kuleta trela la mahindi mabichi akidai yamekauka, akapita mbele ya Orosia, yeye alikuwa akiingiza mkono ndani ya mzigo mpaka kwenye kiwiko, akiutoa anakutazama tu, na wewe mwenyewe unageuza trekta kurudi nyumbani. Ndipo alipojulikana kwa jina la Mizani, jina ambalo alijifanya halipendi.

Tarehe 11 Oktoba 1975, Jumamosi, katika kanisa hili hili, alifunga ndoa na marehemu Licinio Abós wa Binéfar, dereva wa lori la majani ya mifugo, mtu mpole aliyezungumza kwa wiki nzima maneno ambayo mkewe aliyamaliza kabla ya kifungua kinywa, wakaishi kwa kupendana, na Mungu akawajalia watoto wawili, Ester, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1978, ambaye leo ni muuguzi kule Lleida, na Lorién, aliyezaliwa tarehe 19 Septemba 1982, mwalimu Zaragoza, pamoja na wajukuu watatu mnaowaona hapo mbele. Licinio alitutoka tarehe 14 Januari 1998 kwa maradhi ya mapafu, na dada yangu hakuvaa nyeusi zaidi ya mwaka, alisema Licinio alipenda njano.

Sasa narudi kwenye kazi, kwa sababu hapo ndipo ilipo habari yenyewe, na Orosia asingenisamehe kama ningeipita kwa mbio.

Baba alipofariki, tarehe 3 Februari 1989, shamba la kando ya mfereji liligawanywa sehemu mbili, mimi nikapata upande wa juu, yeye akapata upande wa chini, mfereji wa kumwagilia, upana mita mbili, katikati yetu, na ubavuni mwa wote wawili akabaki jirani yetu Constancio Mur, ambaye namwona pale karibu na nguzo. Orosia aliacha mizani, akashika jembe, na pamoja na ardhi akapokea mkononi mwa mama kitu ambacho mimi sikukiona kuwa urithi, makopo manne ya bati yaliyokuwa na mahindi meupe, yale ya farinetas, uji mzito wa majira ya baridi tuliokulia sote, tunaokula kwa vitunguu saumu na vipande vya mkate wa kukaanga, mbegu ambazo mama alizipata kwa mama yake, na mama yake kwa mtu ambaye hatumjui tena.

Mwaka 1997 funza wa mabua waliniangushia nusu ya shamba, ukivuma upepo kidogo mahindi yanalala chini kama walevi wa sikukuu, na mwaka uliofuata zilipofika ushirika mbegu zilizobadilishwa vinasaba, zile ambazo funza akizitafuna anakufa yeye, nilikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupanga foleni, sikujuta wakati ule na sijuti leo, nalisema mbele ya jeneza lake kwa sababu alitaka niliseme, alichukia watu wanaobadilisha maneno msibani. Yeye kwa upande wake, mwaka 2001, alichagua kilimo hai, bila dawa, bila mbolea ya viwandani, na bila mbegu kama zangu hata punje moja, na tarehe 15 Mei 2003, siku ya Mtakatifu Isidro, alipokea cheti chake, akakitundika jikoni juu ya jiko, mahali ambapo mimi nikija kunywa kahawa lazima nikitazame. Constancio, ambaye hupanda mahindi ya kawaida ya kulisha nguruwe wake, alikuwa akisema kila mahali, hata kwa kinyozi, kwamba Urbano na Orosia ni serikali mbili na yeye ni mkimbizi.

Tuliishi hivyo kwa utani mpaka mwaka 2005. Shamba langu liko upande unakotoka cierzo, upepo wetu huu ambao hauombi ruhusa kwa mtu, na mwaka ule mahindi yangu na yake yalichanua wiki moja, hakuna aliyepiga hesabu, sheria haikutulazimisha na sisi wenyewe hatukujilazimisha. Alipomenya mahindi yake Oktoba alikuta katikati ya punje nyeupe punje za njano, hapa moja, pale tano, kwani chavua ya mahindi ya njano ikiangukia mahindi meupe, punje inatoka ya njano mwaka huo huo, haifichiki, na tarehe 11 Novemba 2005, siku tuliyokuwa tunachinja nguruwe uani kwangu, ilifika barua ya wakaguzi ikisema vinasaba vya mbegu zangu vimeonekana kwenye mazao yake, kwa hiyo cheti cha mahindi hayo kimefutwa, nayo yauzwe kama chakula cha mifugo.

Alikuja na barua ile mpaka uani, mbele ya watu, mikono yangu ikiwa imejaa damu ya nguruwe, akanisomea yote, kisha akaniambia maneno ambayo nimeyabeba miaka kumi na minane.

"Urbano, hujaniibia kitu, na mimi nimebaki sina kitu. Sasa nimshitaki nani?"

Nami nikamjibu, "Mshitaki cierzo."

Watu walicheka. Yeye aliikunja barua ile kama baba alivyokunja ya masista, akaondoka, na kilichofuata ni ile miezi kumi na tisa. Kijiji kizima mnakumbuka, maana mlifaidi, tulipishana kwenye mfereji bila kutazamana, tulikaa ncha mbili za benchi moja hapa kanisani, na mama, akiwa na miaka themanini na moja, alilazimika kupika chakula cha Jumapili mara mbili, cha saa saba kwa Orosia na cha saa tisa kwangu, akifua kitambaa cha meza katikati. Sikuwa na chuki, ndugu zangu, nilikuwa na aibu, na aibu ya mtu mbishi huvaa nguo za hasira.

Tarehe 17 Juni 2007, Jumapili, mama alituita wote wawili akasema, "Mimi nimezeeka, sipiki tena mara mbili. Aliyezaliwa na mimi atakula saa nane. Asiyetaka abaki na njaa yake." Tukakaa. Tulikula supu yote, na ilipofika matunda Orosia akaniuliza, kama anayeuliza habari za mvua, mahindi yangu yanachanua siku ya ngapi tangu kupandwa. Nikamwambia. Akachukua kalenda ya ushirika ukutani, akaigeuza nyuma, akaanza kuhesabu.

Hivyo ndivyo ulivyoanza ule utaratibu wetu ambao baadaye wakulima wa vijiji vingine walikuja kuuliziauliza, kila mwaka tarehe 19 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, tunakula farinetas pamoja, kisha tunaandika nyuma ya kalenda tarehe mbili, yangu kwa mwandiko wangu, isiyozidi tarehe 15 Aprili, na yake kwa mwandiko wake, isiyotangulia tarehe 5 Juni, ili mahindi yangu yawe yamemaliza kuchanua kabla yake kuanza. Haikuwa bure kwa yeyote. Yeye alikubali kuvuna Novemba, ukungu umeshashuka, akikausha mahindi juu ya dari mpaka Krismasi, na mimi nilikubali kupanda safu ishirini za mahindi ya kawaida upande wa mfereji, ziwe ukingo kati ya mbegu zangu na zake, funza wakajipatia karamu yao ya kila mwaka, na kuipuliza kwa pampu ya hewa mashine yangu ya kupandia mpaka isibaki punje, kazi aliyokuja kuikagua mwenyewe kwa kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Cheti kilirudi ukutani mwaka 2009. Mama aliona hayo, akafariki kwa furaha tarehe 30 Oktoba 2010.

Nimesema nitasoma mpaka mwisho, kwa hiyo na hili nitalisoma. Tarehe 29 Mei 2018 mvua ya mawe ilipita juu ya bonde letu kwa njia nyembamba, ikaruka shamba la Constancio, ikaruka la Orosia, ikaniponda mimi peke yangu, mahindi yaliyofika magotini yakawa mchicha. Mnajua tabia yetu watu wa huku, shamba tupu hatulali nalo, na tarehe 4 Juni nilikuwa tayari nimepanda upya mbegu za muda mfupi zilizobaki ghalani, za aina ile ile yangu, hekta mbili zote mpaka ukingoni mwa mfereji, bila hata zile safu ishirini, na sikufikiria kitu kingine ila kuwahi. Tarehe 6 Juni nilimwona Orosia akitoka na mashine yake ndogo upande wa pili, akanipungia mkono, nikampungia, na mkono ukiwa bado hewani nikaanza kuhesabu siku. Yangu mapema Agosti, na yake mapema Agosti.

Safari hii haikuwa cheti tu. Mwaka uliotangulia panya walikuwa wameingia darini, makopo matatu kati ya yale manne yalikuwa matupu, na karibu mbegu zote nyeupe zilizobaki duniani, kwa kadiri tunavyojua, zilikuwa ndani ya udongo ule, mita mbili kutoka kwangu, chini ya upepo wangu. Cheti kikipotea kinaombwa tena, mbegu ikishaingiliwa haioshwi.

Nilikaa kimya siku kumi na tisa. Sijivunii. Tarehe 25 Juni, siku yake ya kuzaliwa, nilipeleka keki, nikaiweka mezani, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, nikamwambia kesho naingiza trekta nailima, naifukia yote, nimeshaamua. Alinyamaza muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akinyamaza, nikawaza masista wangemwona leo, kisha akasema, "Keti, Urbano. Mwaka ule ulisema ni cierzo, leo umesema ni wewe." Na baada ya kukata keki akaongeza, "Na hulimi kitu. Mhindi ukishaota hauna kosa."

Tulichofanya mnakijua kwa sababu mlikuwepo. Kuanzia tarehe 3 Agosti, kwa siku tisa, kuanzia alfajiri mpaka jua linapokuwa kali, watu kumi na sita wa kijiji hiki waliingia kwenye shamba langu kung'oa mbelewele, yale maua dume ya kileleni, kwa mkono, mhindi kwa mhindi, safu kwa safu, kabla haujatoa chavua, walikuwemo wa kilimo hai wenzake Orosia waliokuwa hawajawahi kukanyaga kwangu, walikuwemo wenzangu wa mbegu mpya waliokuwa wakimwita dada yangu mtu wa zamani, alikuwemo Constancio, aliyelalamika mgongo kuanzia safu ya kwanza mpaka ya mwisho na hakukosa hata siku moja, na Orosia, miaka sitini na saba, akipita nyuma yetu akikagua, akirudi na mbelewele moja uliyoisahau, anakukabidhi mkononi. Saa nne tulikuwa tunaketi ukingoni, mkate, nyanya na mvinyo, miguu ndani ya mfereji, watu wa mashamba matatu yasiyopatana wakitupiana maneno, na siku ya tano Orosia aliniegemea begani akaniambia hajawahi kufurahi hivyo tangu Licinio aondoke. Nilijifanya sikusikia, kwa sababu ningelia.

Mwezi ule ule upepo uligeuka siku chache, ukavuma kutoka kwake kuja kwangu, na mahindi yangu yaliyokuwa hayana mbelewele yakapata chavua yake, ndiyo maana niliambulia mavuno, mahindi yenye mapengo lakini mavuno, na Constancio akatangaza kwamba sasa shamba langu limeolewa na la dada yangu na yeye anadai pilau ya harusi, ambayo huku kwetu ni nyama ya mwanakondoo, akaipata.

Novemba alimenya yake yote kwa mkono, mimi nikiwa nimekaa mbele yake, hindi moja moja, nyeupe, nyeupe, nyeupe, mpaka tulipofika kwenye zile za ukingoni tukapata hindi moja lenye punje kumi na moja za njano. Alimwonyesha mkaguzi mwenyewe, safu zote za ukingoni akazitenga zikaliwa na kuku, zilizobaki zikapimwa, na tarehe 3 Desemba 2018 majibu yakaja kuwa safi. Makopo manne yalijaa tena. Zile punje kumi na moja alizibandua kwa ukucha akazitia mfukoni mwa aproni, nikamuuliza za nini, akasema si kazi yangu.

Marehemu alianza kuugua Oktoba 2022, miguu ikivimba na pumzi ikimwishia kwenye ngazi za darini, akatibiwa kwanza na Daktari Belarra wa zahanati yetu, kisha hospitali ya Barbastro, ambako iligundulika moyo umechoka, akalazwa mara tatu, na mara zote tatu alirudi na orodha ya wauguzi waliohitaji kuoa au kuolewa. Mwaka jana alipanda akiwa ameketi kwenye kiti, akielekeza kwa fimbo. Tarehe 19 Machi mwaka huu tulikula farinetas kama kawaida, yeye vijiko vitatu, nikageuza kalenda, nikaandika yangu, tarehe 12 Aprili, nikampa kalamu, akairudisha kwangu. "Mwaka huu andika zote mbili," akasema, "kwa mwandiko wako." Nikaandika tarehe 7 Juni. Tukaosha vyombo.

Juzi Jumatano, tarehe 15 Mei, Padri alipopita na sanamu ya Mtakatifu Isidro kubariki mashamba, tulimsogeza dirishani akaona maandamano mpaka yalipokata kona ya mfereji, akasema mwaka huu wabebaji wanakwenda kombo, akalala, na alfajiri ya jana, Alhamisi tarehe 16 Mei 2024, saa kumi na mbili kasorobo, akiwa kitandani kwake, mkono wake ukiwa mikononi mwa Ester, alifariki dunia, zikiwa zimebaki siku arobaini atimize miaka sabini na mitatu.

Kwa niaba ya familia namshukuru Daktari Belarra, aliyekuja hata asipoitwa, madaktari na wauguzi wa Barbastro, ambao hakuna hata mmoja aliyeoa kwa ushauri wake lakini wote walimsikiliza, Padri Anselmo, wafanyakazi wa ushirika walioifunga mizani leo asubuhi kwa heshima yake, mwokaji wa Huesca aliyeoka mkate wa unga wake mweupe mtakaoula barazani baada ya mazishi, kamati ya mfereji, na majirani wote, hasa wale kumi na sita, ninyi mnajijua, na Constancio, ambaye jana alipofika mlangoni alivua kofia akakosa utani, nikajua kweli dada yangu amekufa.

Jana mchana Lorién alipofungua kopo la kwanza la mbegu, juu ya mahindi meupe palikuwa na kijisanduku cha kiberiti chenye punje kumi na moja za njano, na karatasi yenye mwandiko wake wa enzi za mizani: Za Urbano, za kukumbushia kuhesabu. Ninazo hapa mfukoni mwa koti, hazitapandwa. Zitakazopandwa ni zile nyeupe, watoto wake wamekubali cheti kiendelee kwa jina la Lorién, na mikono itakuwa yangu mimi, mtu wa mbegu nyingine, kwa mashine yake ndogo siyo yangu, tarehe 7 Juni kama nilivyoandika, Constancio ataingiza mkono kukagua, mpaka kwenye kiwiko.

Dada, zamu yako ya maji ni leo Ijumaa saa kumi na mbili jioni, na ardhi inataka kunywa kabla ya kupandwa. Pumzika kwa amani, mfereji nitaufungua mimi.